Mikono ya Dada Yangu Iko Foleni

Uligeuza uso. Usianze kukataa, nilikuona. Ulikuwa safu ya tatu, kiti cha plastiki cha bluu, kofia ya chuo kichwani, soda ya bure mkononi. Pembe ilipolia ukatazama viatu vyako. Na wewe uliyebaki nyumbani usijione umesalimika: redio ilitangaza, ukapunguza sauti, ukaendelea kumenya ndizi. Na wewe uliyeko mjini, unayesema "kwetu Mbaheni kuna chuo kikuu" kila unapotaka kuheshimiwa, wewe uligeuza uso kabla ya wote.

Mimi siwezi. Kumbukumbu yangu ni ugonjwa usio na dawa.

Nakumbuka mwaka 2035, mlima huu ulipokuwa na mawe na mbuzi tu. Tuliambiwa chuo kitajengwa endapo wananchi watatoa nguvu zao. Baba yangu akapuliza pembe ya tandala mara tatu. Nyie mliohamia juzi na vyeti vyenu, eleweni: Mbaheni pembe ikilia mara tatu unaacha chungu motoni. Huo ndio msaragambo, kazi ya wote. Huulizi ni kazi gani, utaambiwa ukifika. Asiyefika, wenzake wanapita kwake jioni na kuondoka na kitu mlangoni, jembe au jogoo, naye hana mdomo wa kulalamika. Tulibeba mawe miezi kumi na minne. Dada yangu Navonaeli alibeba jiwe mgongoni na mwanawe Nietiwe kifuani, na jiwe lilikuwa zito kuliko mtoto.

Sikatai faida. Wanaosema napinga kila kitu hawajanisikiliza. Chuo kilileta lami, umeme usiokatika, hospitali. Migomba yetu ilipougua mnyauko, maabara yao ndiyo iliyoiponya. Watoto wetu walisoma. Nietiwe akasoma mpaka akaitwa Daktari. Hata mimi nilisoma kwa mgongo wa chuo, ila si darasani. Mama Fue muuza vitumbua alikuwa anafungia bidhaa yake kwa karatasi zilizotupwa na ofisi zao. Nilisoma kila karatasi kabla ya kula na baada ya kula, na pale mafuta yalipofuta neno nililibuni. Hivyo nilijifunza sheria, fizikia na unafiki. Wananiita Profesa wa Vitumbua. Waache waniite.

Basi mwaka 2065 chuo kikaomba msaragambo kwa mara ya pili. Mwenyekiti wa kijiji akaja kwangu, maana baba alishafariki na pembe iko kwangu. Akasema, "Yetero, wenzetu wa chuo wanahitaji watu."

Sikuuliza watu wa kufanya nini. Nilipuliza mara tatu. Mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Watu mia mbili na kumi na wawili walifika na majembe begani. Wakakuta mahema, na ndani ya mahema kuna viti vyeupe vyenye pete juu. Wakaweka majembe chini, wakabonyeza dole gumba kwenye fomu, wakakaa. Hakuna aliyeuliza. Kwetu anayeuliza kazi ya msaragambo anaonekana mvivu.

Nitakueleza Kiti kinavyofanya kazi, kwa sababu wao walikueleza kwa picha za watu wanaocheka. Ustadi wa mkono haukai mkononi. Unakaa nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, kama njia ya mbuzi kwenye majani: imekanyagwa miaka mingi mpaka ikawa njia. Ile pete inaulazimisha ubongo kuipita njia hiyo mara elfu hamsini kwa dakika arobaini, nawe umekaa tu, vidole vinachezacheza mapajani. Mashine inaandika kila hatua. Lakini njia iliyopitwa hivyo inachimbika, inakuwa korongo, inabomoka. Kijana akifundishwa upya njia huota tena. Aliyevuka hamsini, basi.

Kilichoandikwa kinawekwa kwenye Ghala la Ustadi, lile jengo jeupe lisilo na dirisha. Kutoka Ghalani kinaletwa kwenye glavu za kijivu zenye nyuzi ndani, nyuzi zinazovuta vidole vya aliyezivaa. Vaa glavu, chagua jina kwenye orodha, na mikono yako itajua alichojua mwenye jina. Mfinyanzi, mwunga mifupa, mkunga.

Hilo la kubomoka lilikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa fomu. Niliusoma ukurasa huo. Niliusoma miezi mitano baadaye, ukiwa umefungiwa vitumbua vinne.

Dada yangu alikuwa mkunga. Miaka arobaini aliwageuza watoto waliolala vibaya tumboni, kwa mikono mitupu, bila kisu. Siku ile binti yake alimpokea mlangoni mwa hema akiwa na koti jeupe. Nilikuwa nimesimama karibu.

"Mama," Nietiwe alimwambia, "ukikaa hapa, utakuwa kwenye kila zahanati. Hata siku hupo duniani, utakuwepo."

"Na sisi wa Mbaheni tutapata?"

"Mbaheni kwanza, Mama. Naapa."

Wiki ile ile Navonaeli aliitwa kwa mjamzito wa jirani. Alirudi kabla ya saa sita mchana, akakaa kwenye kizingiti changu bila kubisha hodi. "Yetero," akasema, "nimegusa tumbo, nikaona nimegusa ukuta."

*

Sasa nakuja kwenye Alhamisi iliyopita, miaka mitatu tangu mahema yale, Siku ya Jamii, ile sherehe ya kila mwaka ambapo chuo hutueleza jinsi kinavyotunufaisha.

Saa tatu asubuhi nilikuwa zahanati ya Kirumbi, kijiji chetu hapa Mbaheni, kilomita tatu chini ya lango la chuo. Kitandani alikuwa Nakunda, miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, uchungu umeanza tangu alfajiri. Mume wake ni mlinzi wa lango, alikuwa zamu. Nesi Eliwaza alikuwa amempima mara tatu, na kila mara uso wake unazidi kukunjamana.

"Amelala mkingamo," aliniambia pembeni. "Kichwa ubavuni, miguu ubavu wa pili. Chupa haijapasuka bado. Ikipasuka mtoto yuko hivi, mkono utatangulia kutoka, na hapo tutawapoteza wote wawili."

"Mjomba Profesa!" Nakunda aliniita kutoka kitandani, jasho linamtiririka. "Umekuja kunihutubia? Nimekwama hapa, siwezi kukukimbia."

"Leo nimekuja kunyamaza," nikasema.

"Basi kweli nakufa."

Akacheka, uchungu ukamkata kicheko.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, mikono imefungwa ndani ya kanga. Tangu 2065 anaificha mikono yake kama mtu anayeficha kidonda. Alikuja kwa sababu Nakunda alimwita, na Nakunda alimwita kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa kwa mikono ile.

"Ambulensi?" nikauliza.

"Nimepiga simu mara nne," Eliwaza akasema. "Iko uwanjani. Imepambwa maputo, iko kwenye maonyesho. Wanasema itatoka mgeni rasmi akishakata utepe."

"Na hospitali ya chuo?"

"Hata akibebwa mgongoni, kule sasa wanapasua kwa glavu tu. Daktari wa upasuaji aliondoka mwaka jana, walisema hahitajiki. Na glavu zao zote leo ziko kwenye meza ya maonyesho, wageni wanajaribu kusuka vikapu."

Ukutani kulikuwa na sanduku la kioo. Ndani yake jozi moja ya glavu, ile tuliyokabidhiwa kwa picha na makofi. Eliwaza alikuwa ameshazivaa. Zilining'inia kwenye vidole vyake kama soksi zilizolowa. Akanionyesha kioo kidogo pembeni mwa sanduku. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu nimezoea kusoma kwa sauti:

"Navonaeli wa Kirumbi. Ustadi huu unatumika kwa sasa. Uko nafasi ya mia nne na kumi na moja. Tafadhali subiri."

Nataka uelewe hapo. Kila mtu aliyemo Ghalani anaweza kuvaliwa mahali arobaini kwa wakati mmoja, si zaidi. Si kwamba mashine inashindwa. Ni mkataba ndivyo ulivyoandikwa, ili waliofadhili Ghala wabaki na nafasi za mbele. Kwa hiyo saa ile mikono ya dada yangu ilikuwa kazini katika miji arobaini ninayoijua kwa ramani, inageuza watoto wa watu, na Mungu awakuze. Nyuma yao walisubiri wengine mia nne na kumi. Nyuma yao wote, Kirumbi. Na mwenye mikono amekaa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kitandani.

Navonaeli aliinuka. Akatoa mikono kwenye kanga, akaiweka juu ya tumbo la Nakunda. Chumba kizima kikashusha pumzi. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, kama mtu anayetafuta swichi kwenye giza la nyumba ngeni.

"Najua la kufanya," alisema. "Naweza kulisema lote kwa mdomo. Kichwa unakisukuma chini, matako unayainua, unangoja tumbo lilegee, huendi kwa nguvu. Nasema, lakini mikono hainisikii."

Nakunda alimshika kiganja. "Bibi, usilie. Ukilia wewe, mimi nitafanyaje?"

Nikatoka. Nikapitia nyumbani kuchukua pembe.

*

Uwanja wa chuo ulijaa. Profesa Lukindo, Makamu Mkuu wa Chuo, alikuwa kwenye kipaza sauti, joho jekundu, sauti nzuri. Sitamsingizia: kila alichosema kilikuwa kweli. Kilomita arobaini za lami, kweli. Shule saba zenye maabara, kweli. Wagonjwa waliotibiwa, kweli. "Chuo kikuu si kisiwa," akasema. "Chuo ni moyo, na mkoa huu ndio mwili wake." Mkapiga makofi. Nyuma yake ilisimama ambulensi yenye maputo ya njano. Mezani kulikuwa na jozi kumi na mbili za glavu, na mama mmoja mgeni mwenye hereni kubwa alikuwa anafinyanga chungu kwa mikono ya marehemu Mzee Mfumia wa hapa hapa Kirumbi, huku anapiga kelele za furaha.

Nietiwe alikaa mstari wa mbele jukwaani. Miaka thelathini na minne, Mkuu wa Ghala. Nilipita katikati ya viti, mlinzi mmoja akanishika bega. Alikuwa mume wa Nakunda. Nikamwambia sikioni kinachoendelea. Akaniachia, akavua kofia, akaanza kukimbia kuteremka.

"Mwalimu," nikamwita Lukindo nikiwa chini ya jukwaa. "Kuna mwanamke Kirumbi amekwama na mtoto. Tupe gari."

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Alikuwa na adabu, hilo nalo sitamnyima. "Mzee wangu, dakika ishirini tu. Mgeni rasmi akikata utepe, gari ni lako."

"Mtoto hajui ratiba yenu."

"Mzee Yetero, kila mwaka unakuja na jambo."

"Kila mwaka mnanipa jambo."

Watu wakacheka. Wewe ulicheka pia. Mtu wa safu ya nne akapaza sauti, "Profesa wa Vitumbua, kaa chini, chakula kinakuja!"

Sikumtazama Lukindo tena. Nilimtazama mpwa wangu. "Nietiwe, mama yako amegusa tumbo leo."

Rangi ilimtoka usoni.

Nikaweka pembe mdomoni. Mara ya kwanza, kipaza sauti kikapiga kelele. Mara ya pili, mgeni aliyekuwa anafinyanga chungu akakiangusha. Baada ya mara ya tatu nilisikia viti vya plastiki vikisogea. Wazee waliinuka kwanza. Wafagiaji wakaweka mafagio chini. Wapishi wakatoka nyuma ya hema, wengine wana miiko mkononi, wakaacha vyungu motoni. Si wote. Wewe ulibaki. Lakini waliotoka walitosha kuuacha uwanja ukiwa na madoa ya bluu kama mdomo uliong'oka meno.

Nietiwe alisimama. Lukindo akamshika mkono wa joho. "Daktari, wafadhili wako hapa. Fikiria unachokifanya."

"Nilizaliwa hapa, Profesa," akasema. "Pembe hii siwezi kuikataa hata nikitaka."

*

Alifika zahanati amelivua joho njiani, viatu mkononi. Alikuta uchungu umekaribiana. Eliwaza alimpisha. Nietiwe akamsogelea Nakunda, akaiinua mikono yake juu ya tumbo, akaishusha bila kugusa.

"Nietiwe," nikasema, "mama yako alikufundisha. Tangu una miaka kumi. Nilikuona."

Na ni kweli nilimwona. Kwetu mkunga hafundishi kwa mdomo. Mwanafunzi anaweka mikono yake tumboni, mkunga anaweka ya kwake juu, na mikono ya juu inaitembeza ya chini, mama baada ya mama, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja ya juu inaondoka na ya chini haijui kama imeachwa. Nietiwe aliachiwa akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata akaingia chuo.

"Mjomba," alisema, "unadhani nani alikaa kwenye Kiti wa kwanza?"

Akaifungua mikono yake mitupu mbele yangu.

"Ilikuwa lazima mtu ajaribu kabla ya wanakijiji. Sikutaka kumkalisha mtu mwingine. Nilikuwa na ustadi mmoja tu wa mkono, huu. Nikautoa. Nilijua mimi ni kijana, nikifundishwa upya utarudi." Akamtazama mama yake. "Sikufikiria nani atanifundisha."

Navonaeli alimtazama mwanawe, akasema neno moja, "Mjinga," kwa sauti ambayo mama anamwambia mtoto aliyeungua kwa uji.

"Eti wote watatu mmekwisha mikono," Nakunda akasema kutoka kitandani, meno yameumana. "Basi nielezeni mapema, nilie vizuri."

Nietiwe alikuwa ameshasimama mbele ya sanduku, anabonyeza kile kioo. Aliongea bila kugeuka, haraka. "Kufuli la foleni ni moja. Haliko kwa kila jozi, liko Ghalani, na ufunguo wake ninao. Nikifungua hapa, nafungua glavu zote, kila mahali, kwa kila mtu. Bila ruhusa, bila msimamizi. Kuna mtu ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa atavaa mwunga mifupa na kwenda kujaribu kwa jirani. Glavu inajua kusukuma, haijui kama ni tumbo au ni uvimbe. Mtu atakufa, Mjomba. Mahali fulani, mtu nisiyemjua."

Nakunda aliinua kichwa kwenye mto.

"Mimi unanijua?"

Ilikuwa hiyo tu. Nimeyasoma maandishi mengi ya haki na wajibu, kwenye karatasi zilizolowa mafuta, na sijaona swali lililokaa sawa kama lile. Nietiwe aliligeukia. Nilimwona akijua kwamba yule asiyemjua, kule mbali, naye ana mtu anayemjua. Sitakudanganya kwamba lilikuwa jepesi. Lilikuwa zito pande zote mbili, na chupa ya uzazi ilikuwa inangoja kupasuka.

Alibonyeza. Kioo kikawa cheupe. Foleni ikafutika.

Akazivaa glavu. Nyuzi zikakaza, vidole vyake vikanyooka, na bega lake la kushoto likashuka kidogo. Nikasikia dada yangu akivuta pumzi. Navonaeli husimama hivyo, bega la kushoto chini, tangu alipoanguka na jiwe la chuo mwaka 2035.

Mikono ikashuka tumboni. Haikutafuta. Ilikwenda moja kwa moja, kiganja kimoja kichwani pa mtoto, kingine matakoni, ikatulia. Uchungu ukaja, mikono ikangoja. Uchungu ukapita, mikono ikasukuma, polepole, kama mtu anayesogeza kitanda bila kumwamsha aliyelala. Ikangoja tena. Nakunda alikuwa amefumba macho. Mumewe, aliyefika akihema, alikuwa amepiga magoti kichwani pake.

Dada yangu alisogea. Alisimama karibu na mwanawe, akaitazama ile mikono ya kijivu. Alikuwa anajiona mwenyewe.

"Hivyo," alinong'ona. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna profesa hata mmoja, katika jengo lile jeupe, aliyewahi kulifikiria kwa miaka mitatu. Akamshika Eliwaza mkono, akamvuta. "Weka yako chini yake."

"Bibi?"

"Chini ya glavu. Haraka, kabla mtoto hajageuka kabisa. Mwanafunzi huwa chini."

Eliwaza akapenyeza viganja vyake kati ya glavu na tumbo. Glavu hazikusita. Zilikuwa mikono ya Navonaeli, na mikono ya Navonaeli ilizoea kuwa na mikono mingine chini yake. Zikamtembeza. Nilimwona Eliwaza akifungua mdomo, na machozi yakamtoka bila kulia.

"Nakisikia," alisema. "Kichwa. Nakisikia kinazunguka."

Saa sita na robo mtoto alikuwa ameelekea mlangoni. Saa tisa alasiri alikuwa nje, wa kike, ana hasira. Nakunda aliuliza kama ana mikono miwili. Akaambiwa anayo. Akasema, "Wasije wakaiona," na akalala.

*

Sasa sikiliza, hii ndiyo sababu nimeandika.

Nietiwe alikamatwa saa kumi, akiwa bado ana damu kwenye mikono ya blauzi. Yuko kituo cha polisi wa chuo, nyuma ya maktaba ambayo mama yake aliijengea msingi. Wanamwita mhujumu. Lukindo alitangaza redioni kwamba chuo kimesikitishwa, na kwamba huduma kwa jamii itaendelea kama kawaida baada ya mfumo kutengenezwa.

Alitangaza pia kwamba katika mji mmoja, mbali, mtu alivaa glavu zilizoachwa wazi akamvunja jirani yake mkono uliokuwa umeteguka tu. Niliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Sikupunguza sauti. Ni kweli, na imetokea kwa sababu ya pembe niliyoipuliza. Naibeba, pamoja na ile ya 2065. Kama nakutaka wewe usigeuze uso, na mimi sina ruhusa ya kugeuza.

Lakini sikia jambo ambalo Lukindo hakulisema. Kufuli jipya linaandikwa, na litafungwa Jumatano saa sita mchana. Nietiwe alimwambia mama yake hivyo wakati wanamfunga pingu, kwa kilugha chetu, na yule askari mgeni akadhani wanaagana. Mpaka Jumatano, jozi kumi na tatu za glavu ziko wazi Kirumbi. Moja ni ya zahanati. Kumi na mbili wazee walizitoa kwenye meza ya maonyesho wakati nyie mnatazama viatu. Chuo kinasema zimeibwa. Ndani ya glavu hizo wamo watu mia mbili na kumi na wawili wa kwetu, waliokalishwa kwa pembe yangu. Wengine wameshazikwa. Mikono yao haijazikwa.

Na mikono hiyo inafundisha. Umeona. Weka yako chini.

Siku moja haitoshi, najua. Navonaeli alimfundisha Nietiwe miaka minane. Ila njia ya mbuzi huanza na mbuzi mmoja kupita, na Eliwaza jana, bila glavu, amekigusa kichwa cha mtoto wa mama mwingine akakitambua. Hajakigeuza. Amekitambua. Jumatano ikipita kabla hujapitishwa hata mara moja, hutapitishwa tena, na mwanao atakayekwama atapangiwa nafasi ya mia nne na kumi na moja.

Leo ni Jumapili. Usiniambie una kikao. Usiniambie mwanao anasoma pale na unaogopa jina lake kufutwa. Mtoto wa dada yangu yuko ndani. Nesi, njoo ukae chini ya mkunga. Wewe fundi, mikono ya mwunga mifupa iko madarasani, shule ya msingi Kirumbi, chumba cha pili. Wewe mwanafunzi wa chuo, njoo na sare yako, ukae chini ya mikono ya bibi yako, ujifunze ule upande ambao hawakukufundisha. Na saa kumi jioni, mikono ikichoka, tunapanda wote mpaka nyuma ya maktaba kumdai Nietiwe, kesho hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka atoke.

Mara mbili, mwaka 2065 na Alhamisi, pembe ya nyumba yetu imewaita watu bila kuwaambia kazi. Safari hii nimekwambia kazi yote kabla. Hutaweza kusema hukujua, na hakuna atakayekuja kuchukua jogoo mlangoni kwako.

Naipuliza sasa hivi. Hiyo ya kwanza. Hiyo ya pili. Acha chungu motoni.

Inuka.